Baada ya Kadi ya Mtoto: Thamani ya Kupima Afya Kabla ya Kuugua

Maandishi ya mada iliyotolewa kwa watumiaji wa huduma za afya katika Wilaya za Ngara na Biharamulo, Mkoa wa Kagera



Sisi ni watumishi wa mamlaka inayodhibiti dawa na vifaa tiba. Mara nyingi tukifika vijijini wananchi hudhani tumekuja kukagua maduka. Leo hatukagui duka la mtu. Tumekuja kuzungumza nanyi kama watumiaji, yaani watu wanaolipa kwa fedha, kwa muda na kwa nauli ili wapate huduma ya afya, na ambao wana haki ya kujua wanacholipia.

Tuanze na swali. Ni wangapi kati yenu mna kadi ya kliniki ya mtoto nyumbani? Tunaona mikono ya karibu akina mama wote. Sasa swali la pili: ni wangapi mna kadi au daftari lenu wenyewe linaloonyesha presha yenu ilikuwa kiasi gani mwaka jana? Mikono imeshuka. Katika tofauti ya mikono hiyo ndimo ilimo mada yetu.

Desturi tuliyo nayo tayari

Watu wakiambiwa wapime afya wakiwa wazima, wengine hujibu kwamba hiyo ni desturi ya mijini, ya watu wenye daktari wa familia. Hatukubaliani nao. Hapa Ngara na Biharamulo desturi hiyo ipo na ina mizizi. Mama humpeleka mtoto kliniki kila mwezi ingawa mtoto hana homa wala kikohozi. Mtoto hupimwa uzito, muuguzi huweka alama kwenye kadi, na mama mwenyewe huona mstari ukipanda au ukilala. Mstari ukilala kwa miezi miwili, muuguzi huuliza maswali kabla utapiamlo haujaonekana kwa macho. Mjamzito naye hupimwa presha, wingi wa damu, mkojo, virusi vya UKIMWI na kaswende, akiwa anatembea na kulima kama kawaida.

Huo ndio uchunguzi wa kawaida wa afya: kumpima mtu asiyelalamika, kuandika, kisha kulinganisha na kipimo cha mara iliyopita.

Tatizo letu ni kwamba kadi ya mtoto huishia miaka mitano. Baada ya hapo mwanamke huonana tena na kliniki akipata ujauzito. Mwanamume, isipokuwa ameumia au amezidiwa, anaweza kufikisha miaka 50 bila kufungwa mkanda wa mashine ya presha hata mara moja. Katika miaka hiyo yote mwili wake hauna kumbukumbu iliyoandikwa mahali popote.

Kuhusu daktari wa familia, nasi tunaye, ila kwa jina jingine. Ni tabibu na muuguzi wa zahanati iliyo karibu nawe, au wa kituo cha afya cha kata yako. Ndiye anayewajua watoto wako, anayejua kwamba baba yako alifariki kwa kiharusi, na anayeweza kukuuliza mbona umepungua. Sifa kubwa ya daktari wa familia ni kwamba anakufahamu na anakuona tena. Sifa hiyo unaweza kuipata Rulenge, Kabanga, Nyakahura au Nyakanazi, ukiamua kurudi mahali pamoja.

Daftari tatu za mzee mmoja

Katika ziara zetu za kazi tulikutana na mama mmoja ambaye mumewe, mkulima wa kahawa na migomba, alikuwa amepooza upande wa kulia. Tulipomwuliza kama mzee aliwahi kupimwa, alituletea daftari tatu za shule, zile tunazonunua dukani kabla ya kuingia kwa tabibu.

Daftari la kwanza lilikuwa la jino. Pembeni mwa maelezo ya jino, muuguzi aliandika presha: 168 kwa 104, na chini yake, "arudi wiki ijayo". Hakurudi, kwa sababu jino lilipona. Daftari la pili, la mwaka uliofuata, lilikuwa la malaria. Halikuwa na neno lolote kuhusu presha, kwa kuwa lilikuwa jipya na aliyemhudumia hakuona la kwanza. Daftari la tatu lilianza siku alipoanguka shambani.

Mama yule alisema neno moja ambalo tumelibeba tangu siku hiyo: "Waliandika, lakini sisi tulifikiri wameandika ya jino."

Hatusimulii haya ili kumlaumu mtu. Mzee hakuwa mzembe. Hakuumwa kichwa wala hakuchoka. Muuguzi naye alifanya wajibu wake siku ile. Kilichokosekana ni uzi wa kuunganisha kipimo kimoja na kingine. Ng'ombe wawili waliuzwa kwa ajili ya matibabu na nauli. Mama sasa analima peke yake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba ile ufa ulikuwa umeandikwa kwa kalamu, na hakuna aliyeusoma.

Magonjwa yasiyopiga hodi

Wilaya ya Biharamulo inajua maana ya ugonjwa unaotangazwa. Tarehe 20 Januari 2025 Taifa lilitangaziwa kuwa virusi vya Marburg vimethibitishwa wilayani humo, na hadi mlipuko ulipotangazwa kumalizika tarehe 13 Machi 2025, familia kadhaa zilikuwa zimepoteza wapendwa wao. Katika wiki zile watu walikubali kupimwa joto na kuulizwa maswali hata walipojisikia wazima, kwa sababu hatari ilikuwa imetajwa kwa jina.

Yapo magonjwa mengine ambayo hakuna anayeyatangaza, kwa kuwa hayaambukizi kwa kasi na hayaui kwa wiki moja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, uliowahusu watu wazima wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban asilimia 26 wana shinikizo la juu la damu, na takriban asilimia 9 wana kisukari. Shirika la Afya Duniani nalo linakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye shinikizo la juu la damu duniani hawajijui. Ukiangalia benchi moja la watu wanne hapa, huwezi kusema kwa macho ni nani kati yao. Naye mwenyewe hawezi kusema.

Kwa sababu hiyo hatuwashauri mpime kila kitu. Tunawashauri mpime yale ambayo, yakigunduliwa mapema, kuna jambo la kufanya.

Vipimo vyenye thamani kwa mtu anayejiona mzima

Kwanza, shinikizo la damu. Kila mtu mzima apimwe angalau mara moja kwa mwaka. Kipimo hiki huchukua dakika chache na hakitoi damu. Presha ikiwa 140 kwa 90 au zaidi katika siku mbili tofauti, hiyo ni presha ya juu inayohitaji ufuatiliaji. Ili kipimo kiwe cha kweli, pumzika ukiwa umeketi kwa dakika tano, egemea kiti, weka nyayo zote mbili sakafuni bila kukunja miguu, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, na usizungumze wakati mashine inafanya kazi. Usiwe umevuta sigara au kunywa kahawa katika nusu saa iliyotangulia. Ukipimwa umesimama, mara tu baada ya kupanda mlima kwa baiskeli, omba kwa heshima upumzike kwanza. Una haki hiyo.

Pili, sukari ya damu. Inawahusu zaidi watu wa miaka 40 na kuendelea, wenye uzito uliozidi, wenye mzazi au ndugu wa damu mwenye kisukari, na wanawake waliowahi kupata kisukari wakati wa ujauzito. Kipimo kizuri ni cha asubuhi kabla ya kula, baada ya kufunga kwa saa nane au zaidi. Sukari ya milimo 7.0 kwa lita au zaidi kabla ya kula ni dalili ya kisukari, nayo huthibitishwa kwa kupima tena siku nyingine.

Tatu, mlango wa kizazi. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, nayo ni mojawapo ya saratani chache ambazo mtu anaweza kuzuiwa asiipate kabisa. Husababishwa na virusi vya HPV, na kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 tangu maambukizi hadi kuwa saratani; kwa mwanamke ambaye kinga yake imeshuka inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Miaka hiyo ndiyo nafasi yetu. Muuguzi aliyefunzwa hupaka siki maalumu ya kitabibu kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kama panageuka kuwa peupe. Huchukua dakika chache. Mabadiliko yakionekana mapema, mara nyingi hutibiwa siku hiyohiyo bila kulazwa. Mwanamke aanze akifikisha miaka 30, na anayeishi na virusi vya UKIMWI aanze akiwa na miaka 25. Arudie kila baada ya miaka mitatu, au mapema zaidi akielekezwa hivyo. Mwanamke anaweza kuomba kuhudumiwa na muuguzi mwanamke. Nao mabinti wa miaka 9 hadi 14 wapelekwe kupata chanjo ya HPV, ambayo nchini mwetu ilianza kutolewa mwaka 2018 na tangu mwaka 2024 ni dozi moja tu.

Nne, kifua kikuu na virusi vya UKIMWI. Tunawalenga hasa vijana wetu wa machimbo madogo ya dhahabu wilayani Biharamulo, ambao vumbi la mwamba hudhoofisha mapafu yao, pamoja na madereva, utingo na wafanyabiashara wa Nyakanazi, Rusumo na Kabanga. Kikohozi kilichofika wiki mbili, jasho la usiku au kupungua uzito si mambo ya kununulia dawa ya kikohozi dukani. Peleka makohozi yapimwe. Vipimo na dawa za kifua kikuu na za virusi vya UKIMWI katika vituo vya umma hutolewa bila malipo.

Vipimo visivyostahili fedha yako

Sasa tuseme jambo ambalo wauzaji wa vipimo hawalipendi. Kupima zaidi si sawa na kupima vizuri.

Wapo wanaozunguka kwenye magulio na stendi wakiwa na mashine ndogo ya kushika mkononi. Wanadai kwamba ukiishika kwa dakika moja inasoma ini, figo, moyo, mifupa na nguvu za kiume. Kisha hutoa karatasi ndefu yenye maradhi kumi na mawili, na kando yake zipo chupa za virutubisho vya kuyatibu yote. Hakuna kifaa tiba kinachoweza kufanya kazi hiyo kwa kushikwa tu. Jiulize: kwa nini kila anayepima huambiwa ni mgonjwa, na kwa nini anayepima ndiye anayeuza dawa?

Jambo la pili ni kipimo cha damu cha taifodi, kile cha Widal. Mtu mzima asiye na homa hana sababu ya kukipima. Kinaweza kuonyesha alama kwa mtu aliyewahi kuugua zamani, au hata kwa mtu mwenye homa nyingine. Matokeo yake ni kununua dawa kali za kuua bakteria bila kuwa na ugonjwa. Fedha inapotea, na usugu wa bakteria dhidi ya dawa unaongezeka kijijini kwetu.

Jambo la tatu ni dawa za presha na sukari kununuliwa moja kwa moja kwenye duka la dawa muhimu kwa sababu jirani anazitumia. Muuza duka ana kazi yake yenye heshima, lakini kuanzisha dawa ya presha si kazi yake. Dawa hizo hupangwa kwa kuangalia umri, figo na magonjwa mengine ya mtu. Na ukishaanzishiwa, usiache kwa sababu unajisikia vizuri. Kujisikia vizuri si dalili kwamba umepona.

Maswali matano ya mtumiaji

Kabla ya kukubali kipimo chochote, kiwe cha bure au cha kulipia, katika kituo cha umma, cha dini au cha mtu binafsi, uliza maswali haya bila kuona aibu:

1. Kipimo hiki kinatafuta nini, na kikionyesha tatizo tutafanya nini? Kama hakuna jibu la sehemu ya pili, fikiria tena.

2. Ni bei gani, na bima yangu inakilipia? Uambiwe bei kabla ya kupimwa na upewe stakabadhi baada ya kulipa. Mwenye bima aulize kama kipimo kimo katika kitita chake.

3. Anayenipima ni nani? Kituo na maabara binafsi lazima viwe vimesajiliwa, na cheti kiwe mahali kinapoonekana. Mhudumu asikasirike ukiomba kujua jina lake na taaluma yake.

4. Matokeo yameandikwa wapi? Omba namba yenyewe. "Presha yako iko sawa" haitoshi; 128 kwa 82 yenye tarehe ndiyo kumbukumbu.

5. Nirudi lini? Hata jibu likiwa zuri, tarehe ya kurudi iandikwe.

Ukiona kifaa cha kupimia kinachotia shaka, vitendanishi vilivyopita muda wake, au dawa ambayo muhuri wake umefunguliwa, toa taarifa kwa mganga mfawidhi, kwa ofisi ya mganga mkuu wa wilaya au kwa mamlaka yetu. Taarifa ya mwananchi mmoja inaweza kuwaokoa wengi ambao hawakujua la kutazama.

Ugumu tunaoujua

Hatuzungumzi kana kwamba njia ni nyepesi. Ngara ni nchi ya milima, na kutoka baadhi ya vitongoji hadi zahanati ni mwendo wa saa nyingi. Siku nyingine utafika ukute mashine ya presha imeisha betri au anayepima saratani ya mlango wa kizazi yuko safarini. Ndiyo sababu tunashauri msifunge safari maalumu pale isipolazimu. Mama anayempeleka mtoto kliniki apimwe presha siku hiyohiyo. Aombe, hata asipoitwa. Baba anayemsindikiza mkewe katika hudhurio la kwanza la ujauzito naye apimwe. Anayekwenda gulioni na zahanati iko njiani, aingie. Kwa kipimo cha siki, ulizeni kwanza siku ambazo huduma hutolewa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kitongoji chenu anaweza kuwaulizia.

Linganisheni ugumu huo na ule wa kuchelewa. Mgonjwa aliyechelewa hupelekwa hospitali ya wilaya, kisha pengine Hospitali ya Kanda Chato au Bugando, Mwanza. Hapo kuna nauli ya mgonjwa na ya msindikizaji, malazi, chakula, siku za kazi zilizopotea, na mtoto aliyeachiwa kuwaangalia wadogo zake badala ya kwenda shule. Gharama hizo haziandikwi kwenye stakabadhi yoyote, lakini familia huzilipa.

Nunueni daftari moja

Tunahitimisha kwa ombi dogo, ambalo gharama yake haizidi ya daftari la mwanafunzi. Kila mtu mzima hapa awe na daftari moja la afya. Liandikwe jina juu. Ukurasa wa kwanza uwe na mambo manne: mwaka wa kuzaliwa, magonjwa ya wazazi na ndugu wa damu, dawa unazotumia, na dawa zinazokudhuru. Kurasa zinazofuata ziwe za vipimo: tarehe, mahali, namba, na siku ya kurudi. Lifungwe kwenye mfuko wa nailoni likae pamoja na kadi za watoto, na uende nalo kila unapotibiwa, hata kama unaumwa jino tu. Likijaa, lifungwe kwa uzi pamoja na jipya.

Asiyejua kusoma amwombe mtoto wake amsomee kilichoandikwa jioni hiyohiyo. Tunawaomba watoto mlioko hapa: mzazi akirudi kutoka zahanati, msimwulize tu kama amepona. Mwulizeni, "Baba, wameandika nini?"

Mama tuliyewasimulia habari zake anazo bado zile daftari tatu. Tulipoondoka alikuwa amezishona pamoja kwa uzi mweusi, na ameanza la nne, la kwake mwenyewe. Ukurasa wa kwanza una namba moja na tarehe ya kurudi. Alituambia amekwisha kurudi.